Ni mbali? Kambi ya Oldupai na jibu tulilokariri

Wanachuo wenzangu, nianze na swali jepesi. Nani aligundua fuvu la Zinjanthropus, wapi, na mwaka gani? Najua wengi mmeshajibu kabla sijamaliza kuuliza: Dk. Leakey, Olduvai Gorge, 1959. Mimi jibu hilo nimelibeba tangu shule ya msingi. Nikalitumia kidato cha kwanza, nikalirudia tena juu huko, na mwaka jana nikaliandika ubaoni kama mwalimu nilipokuwa BTP kwenye sekondari moja ya Karatu.

Siku hiyo binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, wewe umeshafika huko?" Nikasema bado. Akauliza tena, "Kwani ni mbali?"

Nikageuka nikatazama dirishani. Milima ya Ngorongoro ilikuwa pale pale, imejifunika wingu lake la asubuhi. Kutoka Karatu mjini hadi geti la Loduare ni kama nusu saa tu kwa gari. Nikaliuliza darasa zima nani amewahi kufika Oldupai. Hakuna mkono hata mmoja. Watoto hawa kila siku wanaona magari ya watalii yakipita barabarani kuelekea huko, watu wametoka mabara mengine kuja kuona mahali ambapo sisi tunapasoma kwenye madesa. Na mwalimu wao naye alikuwa anasoma desa lile lile. Tuseme ukweli, niliona aibu.

Ndiyo maana likizo iliyofuata, bumu lilipoingia, sisi kumi na wanne wa kozi ya Elimu tulichangishana tukakodi basi dogo. Tulilala usiku mmoja kambi ya Simba, kwenye ukingo wa kreta, asubuhi tukashuka Oldupai. Makala hii inaeleza tulichokiona, lakini zaidi inaeleza kitu ambacho vitabu nilivyosoma havikunieleza: nyuma ya ile sentensi moja ya mtihani kuna kambi, na bila kuielewa kambi huwezi kulielewa jibu.

Usiku mmoja Simba

Ukishapita geti la Loduare, lami imekwisha. Barabara inapanda ndani ya msitu mpaka juu kwenye ukingo, na pale kambi ya Simba imekaa ikiangalia kreta. Ni uwanja wa nyasi wenye mti mkubwa, vyoo, na banda la kupikia. Hakuna uzio. Nyati na tembo wakitaka kupita wanapita, na wewe unakaa ndani ya hema lako umenyamaza kimya.

Tuko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya pale si ya mchezo. Mwenzetu mmoja kutoka Tanga alikuja na shuka moja jepesi; usiku ule alivaa kila nguo aliyokuwa nayo kwenye begi. Makande tuliyobandika saa kumi na mbili jioni yaliiva karibu saa nne usiku. Maji tuliyobeba yaliisha kabla ya vyombo kuoshwa. Tulikuwa tumekaa kambini usiku mmoja tu, na tayari watu walikuwa wamegombana mara mbili: zamu ya kupika, na nani amemaliza maji.

Naeleza haya kwa sababu asubuhi yake, tulipofika Oldupai, yalinisaidia kuelewa jambo ambalo nisingelielewa nikiwa nimekaa kwenye kimbweta chuoni.

Walikaa wakitafuta miaka 28

Kutoka kwenye ukingo, barabara inashuka na dunia inabadilika. Msitu na ukungu vinabaki nyuma, mbele yako ni uwanda mkavu, maboma ya Wamasai, mbuzi, twiga kwenye migunga. Kwenye njia panda kuna sanamu mbili kubwa za mafuvu zinazokuonyesha pa kuingilia. Ukifika makumbusho unasimama ukingoni na korongo lote liko chini yako.

Jina kwanza. Wamasai wanauita oldupai ule mkonge pori unaoota kwa wingi kwenye korongo. Wageni wa kwanza walisikia vibaya wakaandika "Olduvai", na kosa hilo likaingia kwenye vitabu vya dunia nzima. Siku hizi Oldupai inarudi taratibu.

Mwaka 1911 daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, aliyekuwa akifuatilia ugonjwa wa malale, alifika hapa akaokota mifupa iliyogeuka mawe, akaipeleka Berlin. Mwaka 1913 akaja mwanajiolojia Hans Reck. Halafu Vita Kuu ya Kwanza ikakata kila kitu. Mwaka 1931 Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete, Kenya, alikuja pamoja na Reck huyo huyo. Reck aliamini hakuna zana za mawe hapa. Leakey akaweka dau la pauni 10 kwamba atazipata ndani ya saa 24, na akashinda.

Sasa piga hesabu. Kutoka 1931 hadi 1959 ni miaka 28. Katika miaka hiyo yote Louis, na kuanzia 1935 Mary, walikuwa wakija msimu baada ya msimu. Walipata mawe mengi yaliyochongwa na mifupa mingi ya wanyama, ila mchongaji mwenyewe hakuonekana, zaidi ya vipande vichache kama meno. Pesa ilikuwa kidogo. Maji yalikuwa tatizo kubwa zaidi: ilibidi yafuatwe mbali kwa gari, na kuna msimu walikunywa ya dimbwi lililochafuliwa na mkojo wa faru, hata chai ikawa na harufu yake. Nilipomsikia mwongozaji akieleza hilo nilimwangalia yule mwenzetu aliyegombana usiku kuhusu maji. Akacheka, akainamisha kichwa.

Asubuhi ya 17 Julai 1959

Hapa ndipo jibu letu linapoanza kuyumba. Asubuhi hiyo Louis alikuwa kitandani kambini, ana homa. Aliyetoka kwenda kazini ni Mary, na mbwa wao wawili. Alikuwa akitembea taratibu kwenye mteremko, macho chini, ndipo akaona kipande cha mfupa kimejitokeza kwenye udongo uliomomonyolewa na mvua. Akapangusa kidogo. Akaona meno mawili makubwa bado yako kwenye taya. Akarudi mbio kambini kwa gari kumwamsha mumewe.

Kwa hiyo, jamani, aliyeliona fuvu la Zinjanthropus ni Mary Leakey. Louis alikuwa kiongozi wa utafiti, alitafuta fedha, alilipa jina na kulitangaza duniani, na hakuna anayemnyima hilo. Lakini ukiuliza "nani aligundua", mtu aliyekuwa ameinama pale mteremkoni ni mwanamke. Mary huyu hakuwa na shahada. Alizaliwa London mwaka 1913, shule zilimshinda, alianza kwa kuchora zana za kale kwa ajili ya vitabu vya watu wengine. Baadaye vyuo vikuu vilimpa shahada za heshima. Kwa sisi tunaosomea ualimu, ambao kesho tutawaambia watoto nani ana akili na nani hana, habari hii inatakiwa itutie adabu kidogo.

Fuvu lenyewe lilikuwa limevunjika vipande mamia. Waliuchekecha udongo wa mteremko ule kwa chekecheke, vipande vikaokotwa kimoja kimoja, na Mary akawa mstari wa mbele kuviunganisha. Mwezi uliofuata wakalibeba hadi kwenye mkutano wa wanaakiolojia mjini Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Jina Zinjanthropus limetokana na Zinj, jina la zamani ambalo Waarabu waliuita upande huu wa Afrika Mashariki, lile lile lililomo ndani ya neno Zanzibar. Wataalamu sasa humwita Paranthropus boisei, naye si babu yetu wa moja kwa moja, ni kama ndugu wa ukoo wa pembeni aliyetoweka. Fuvu lenyewe liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Oldupai utaona nakala.

Kwa nini pale na si kwingine?

Mwongozaji wetu alitusimamisha ukingoni akatuambia tusome korongo kama kitabu kilicholala, kuanzia ukurasa wa chini. Chini kabisa kuna mwamba mweusi wa volkano. Juu yake matabaka ya kijivu, halafu lile jekundu linaloonekana hata kwenye picha, halafu mengine juu yake. Kitambo sana hapa palikuwa na ziwa. Wanyama walikuja kunywa, viumbe wanaofanana na binadamu nao wakaja. Milima ya volkano ya Ngorongoro ikawa inalipuka na majivu yake yanafunika kila kitu. Mfupa uliofunikwa haraka hauozi hovyo. Miaka ikapita, tabaka juu ya tabaka, hadi mto ukaja kukata katikati na kufungua kitabu. Korongo lina kina cha mita 90 hivi sehemu nyingine.

Majivu hayo ndiyo saa yetu. Ndani yake mna potasiamu, na sehemu yake ndogo hugeuka taratibu kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Mwamba ukiwa wa moto gesi hutoroka, ukipoa gesi inaanza kujikusanya. Ukipima agoni iliyomo unajua volkano ililipuka lini. Mwaka 1961 kipimo hicho kilionyesha kwamba Zinj ana takriban miaka milioni 1.75. Wakati ule wataalamu wengi walikuwa wakikisia umri mdogo mno, na Louis mwenyewe alikuwa ametaja laki kadhaa tu. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kubishana kwamba chimbuko la binadamu likatafutwe Ulaya au Asia.

Thiongo, Juma, na neno letu "korongo"

Tulishuka na mwongozaji hadi mahali penyewe. Pana alama ya jiwe inayoonyesha fuvu lilipopatikana. Eneo hilo linaitwa FLK, na herufi hizo utazikuta kwenye majarida ya kisayansi dunia nzima. Nilipouliza maana yake nilitegemea neno la Kilatini. Kumbe ni Frida Leakey Korongo. Frida alikuwa mke wa kwanza wa Louis, na korongo ni korongo hili hili la Kiswahili. Kila mtaalamu wa Tokyo au Madrid anayeandika FLK anaandika Kiswahili bila kujua.

Ziko nyingine nyingi: MNK ni Mary Nicol Korongo, kwa jina la Mary kabla hajaolewa. Na zipo TK, Thiongo Korongo, na JK, korongo la Juma. Hawa walikuwa Waafrika waliofanya kazi kambini.

Hapa ndipo niliposimama muda mrefu kuliko wenzangu. Kambi haikuwa mume na mke peke yao. Ilikuwa na wachimbaji, wapishi, madereva, wabeba maji, wengi wao kutoka Kenya, na baadhi walikuwa na jicho kali kuliko wasomi. Heselon Mukiri, aliyefanya kazi na Louis kwa miaka mingi, aliokota jino la kiumbe wa jamii ya binadamu mwaka huo huo wa 1959, kabla Mary hajaliona fuvu. Kamoya Kimeu alianza kazi hapa mwaka 1960 kama kibarua, na mwaka 1964 akapata taya maarufu la Peninj, karibu na Ziwa Natron. Peter Nzube alipata fuvu la Homo habilis mwaka 1968. Mimi nimesoma History miaka yote hiyo na majina haya matatu sikuwahi kuyaona kwenye daftari langu. Wewe je?

Louis alizidi kuwa na shughuli Nairobi na nje ya nchi, akafariki mwaka 1972. Mary ndiye aliyebaki. Aliifanya Oldupai makazi yake, kwenye kambi ya vibanda vya kawaida ukingoni mwa korongo, pamoja na mbwa wake, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kutokea hapo aliongoza kazi ya Laetoli, kusini mwa Oldupai, ambako mwaka 1978 zilipatikana nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Nakala ya nyayo hizo ipo makumbusho, na nakushauri usimame mbele yake bila kushika simu angalau dakika moja.

Na hadithi haikuishia kwa wageni. Mwaka 2016 Prof. Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Italia, walitangaza nyayo mpya za Laetoli, mita 150 hivi kutoka zile za Mary. Wameandika hilo Watanzania wa vyuo vyetu hivi hivi.

Ukitaka kwenda

Nendeni kundi. Gharama kubwa ni gari, na mkiwa wengi inagawanyika. Ombeni barua ya utambulisho kutoka idarani, na kila mtu abebe kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni. Ulizeni viwango vya mwaka husika kabla ya kusafiri. Malipo ni kwa namba ya malipo, kwa hiyo maliza kabla hujafika getini, maana kule mtandao unaweza kukuangusha.

Kama mtalala Simba, bebeni koti zito, blanketi, tochi, na maji zaidi ya mnavyodhani yatatosha. Chakula kisilale ndani ya hema, kinaita wanyama. Kama baridi huiwezi au mfuko hauruhusu, laleni Karatu mjini kwenye nyumba za wageni za bei nafuu na muondoke alfajiri.

Oldupai usiokote kitu. Kajiwe unakokaona hakana maana kanaweza kuwa zana ya miaka milioni moja na zaidi, na kakishatoka mahali pake kamepoteza nusu ya habari yake. Usishuke korongoni bila mwongozaji. Na kumbuka unapita nyumbani kwa watu. Mwaka huo huo wa 1959 ndipo eneo la Ngorongoro lilipotengwa na Serengeti kisheria, ili wafugaji, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Tangu 2022 baadhi ya familia zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na mjadala wa jambo hilo haujaisha. Salimia watu, usimpige mtu picha bila ruhusa, na kama unanunua shanga usibishane bei kana kwamba ni Kariakoo.

Turudi darasani

Nimeandika upya andalio langu la somo. Ile sentensi moja ya "Dk. Leakey, 1959" sasa imekuwa kipindi kizima. Wanafunzi wataanza na swali la maji: mnakaa mahali hapana maji miezi miwili, mnafanyaje? Halafu ndipo tutafika kwa Mary, Heselon na Kamoya. Kwenye mtihani bado nitawaambia wasome swali vizuri na waandike kinachoulizwa, siwezi kuwatoa kafara. Lakini watajua nani alikuwa kitandani na nani alikuwa mteremkoni.

Binti yule aliniuliza kama ni mbali. Kwa kilomita, si mbali. Kwa mfuko wa mzazi wa Karatu anayelima mahindi na maharage, ni mbali sana. Sisi kumi na wanne tumemwandikia mkuu wa shule ile kupendekeza safari ya kidato cha kwanza, siku moja, kwenda na kurudi. Amekubali kimsingi, ila ameuliza swali ambalo mwalimu yeyote angeuliza: gari atalipa nani? Bado tunapiga hesabu. Mwenye mawazo, au mwenye mjomba mwenye basi, anitafute vimbwetani, jengo la Elimu, Ijumaa baada ya vipindi.